Kisukari ni cha mama, ila sufuria, pesa na maamuzi viko kwa wengine. Kwenu mnafanyaje?

Mwanamuheza

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye maoni.

Mama yangu ana kisukari kwa miaka sasa, na presha juu yake. Anaishi Muheza kwa kaka mkubwa. Kliniki anahudhuria, kadi imejaa tarehe, dawa anameza. Lakini sukari ya asubuhi ilikuwa inacheza kati ya 13 na 16, haishuki. Kila akienda anasomewa yaleyale: punguza wanga, ongeza mboga, acha sukari, fanya mazoezi. Anaitikia "sawa daktari", anarudi nyumbani.

Hoja yangu iko hapo. Maelekezo yote yale anapewa mtu ambaye hapiki, hashiki pesa na haamui. Anayepika ni wifi, na anapikia watu tisa. Pesa ya sokoni inatoka kwa kaka. Nauli, na dawa zikikosekana dirishani, ni mimi na dada kwa simu. Hospitali gani aende anaamua mjomba, maana tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo na hakuna neno linalopita bila yeye. Anayeambiwa aache wanga ni mmoja, wanga wenyewe uko mikononi mwa watu watano.

Nianze na chai. Kwetu chai inapikwa na sukari humohumo sufuriani, inamiminwa kwenye chupa, basi. Aliyeamka saa kumi na mbili na aliyeamka saa nne wote wanakunywa utamu uleule. Mama alipopigwa marufuku, wifi akaanza kumchemshia birika lake dogo, na alifanya kwa upendo kabisa. Ukafuata ugali wake peke yake, mchicha wake peke yake usio na chumvi wala nazi, sahani yake peke yake. Wengine wako mkekani na sinia, yeye kwenye kiti na kisahani chake. Watoto wakakipa jina: chakula cha mgonjwa. Mnajua mama alifanyaje? Kila saa nne asubuhi anaaga, anakwenda kumjulia hali jirani. Jirani ana chai ya maziwa na maandazi. Hiyo ndiyo 16 iliyokuwa inawasumbua watu wa maabara.

Dada yangu ndiye aliyekuja likizo akapiga meza. Birika dogo likafutwa. Chai ya nyumba nzima inachemshwa kavu, na mchaichai na tangawizi, kopo la sukari linakaa pembeni, kila mtu ajitilie. Watoto walinuna, wakazoea. Ugali ukawa dona kwa wote. Nazi haikuondoka, maana Mtanga umnyime nazi utamzika, ila tui zito limepungua. Mama akarudi mkekani. Sasa hivi asubuhi anasoma 8, ikizidi sana 10, na dawa ni zilezile.

Wageni nao ni mtihani wao. Mtu hawezi kuja kumwona mgonjwa mikono mitupu, ni aibu. Basi wanakuja na soda, juisi za boksi, na pakiti za glukosi. Glukosi, wakuu! Kwa mgonjwa wa kisukari! Na ukiikataa umemtukana mgeni.

Huduma za serikali sizibezi, ila zina picha yake ya familia kichwani, si hii yetu. Tulipoingia CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sisi tuko tisa. Nani abaki nje? Kikao kilikaa mpaka usiku, na ajabu ni kwamba aliyejitoa wa kwanza ni mama mwenyewe: "Mimi nimeshakula chumvi nyingi, wawekeni watoto." Yaani mgonjwa ndiye anajitoa kwenye bima ili asiwe mzigo, na wazee wa kikao wanamsifu kwa busara. Mimi nilikataa, tukakata kadi mbili.

Kwenu nani anashika usukani? Nataka kusikia hasa waliofanikiwa kuubadilisha ukoo, maana mjomba bado.

---

Mwl wa Kata

Mkuu umegusa kidonda. Mimi ni mwalimu, bima yangu ya NHIF inabeba mimi, mwenza na wategemezi wanne. Nina watoto watatu, hivyo imebaki nafasi moja. Mama yangu ana presha, mama mkwe ana kisukari. Unaona kesi hiyo?

Mume wangu anasema bima inakatwa kwenye mshahara wangu, kwa hiyo niamue mimi. Maneno mazuri, lakini mawifi wananitazama. Nikimwandikisha mama yangu, nimeolewa ila moyo uko kwetu. Nikimwandikisha mama mkwe, kwetu wataniuliza nilisomeshwa na nani. Nafasi moja kwenye fomu inaweza kuvunja undugu wa miaka.

Tulichofanya: mama mkwe akaingia kwenye kadi, kwa sababu dawa zake ni nyingi na ni za kila siku. Mama yangu tukakubaliana na kaka zangu kila mwisho wa mwezi wananunua dawa zake kwa zamu, na anayekwama anasema mapema. Mama yangu alinuna. Alipoonyeshwa hesabu ya dawa za mwenzake akanyamaza, ila hajasahau, namjua.

---

Sista wa Zamu

Nafanya kazi kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, mkoa nauhifadhi. Mleta uzi amesema kitu ambacho sisi watoa huduma tunakijua na hatukifanyii kazi.

Angalieni TB. Mgonjwa akianza dawa anaulizwa palepale: nani nyumbani atakusimamia? Huyo mtu anaitwa, anafundishwa, jina lake linaandikwa. Kwenye huduma za VVU kule CTC hivyohivyo, kuna msaidizi wa matibabu anayejulikana. Kisukari, ambacho mtu ataishi nacho mpaka mwisho na ambacho nusu ya matibabu yake iko jikoni, mgonjwa anaingia peke yake, foleni ndefu, anapimwa, anasainiwa, anatoka. Na si ugonjwa wa wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari.

Mimi nimejitungia utaratibu wangu. Nikiona sukari haishuki sigombi, nauliza: "Nani anapika kwenu?" Kisha nasema tarehe ijayo njoo naye. Wengi hucheka. Akija huyo mpishi, namwonyesha sahani: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Mtu anayepika kila siku anakuelewa hapohapo, hana haja ya somo refu. Na niseme tu, dona si dawa. Dona linasaidia, lakini ukila mlima wa dona sukari itapanda vilevile. Kipimo ni ukubwa wa tonge.

La pili ni hatari zaidi kuliko chai. Kuna dawa ya glibenklamaidi, wengi mnaijua kwa jina la Daonil. Inashusha sukari hata kama mtu hajala. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa mwenye zaidi ya miaka 60. Ukiwa na mzee anayeitumia msiikatishe wenyewe, ila muulizeni daktari. Na mjue dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka. Nimeletewa bibi ambaye familia ilishamsomea dua usiku kucha ikijua ni mashetani. Kumbe alimeza dawa jioni na kulala bila kula, kwa kuwa chakula kilichelewa. Mgonjwa akiwa bado anajitambua na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima, kisha ale. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kimbia hospitali.

---

Kamanda Nyakanyasi

Hizi ni story za mjini. Babu zetu walikula ugali wa sembe sufuria zima na hatukusikia kisukari. Mizizi ipo, watu wanapona, nyie endeleeni kupeleka pesa famasi.

---

Mwanamuheza

Kamanda, sembe ya kukobolewa babu zetu walikula lini, walikuwa wanatwanga. Na babu yako alilima tangu alfajiri, wewe unaandika haya umelala kwenye kochi.

Ila umenikumbusha jambo linalohusu mada. 2011, Loliondo. Kikombe cha dawa ya mizizi ya Mchungaji Mwasapile pale Samunge, kilichosemwa kinaponya kila kitu, kilikuwa 500, bei ya soda. Nauli ndiyo ilikuwa balaa. Kwetu ukoo mzima ulichangishana kumpeleka shangazi, aliyekuwa na kisukari, na hakuna aliyekataa kutoa. Akarudi, akaacha dawa kwa kuwa ukoo umesema amepona. Nani angethubutu kusema vingine wakati kila mtu katoa mchango? Shangazi alipoteza mguu. Leo hii mchangishie mtu huyohuyo kasha la vijiti vya kupimia sukari uone kama simu zitapokelewa. Kwa safari ya muujiza tunachanga, kwa dawa za kila mwezi kila mtu ana ada za shule.

---

Binti Mkunazini

Asalaam aleikum. Mie nipo Unguja, nataka kusema la Ramadhani maana inakaribia na kila mwaka ni vita.

Bibi yetu ana sukari na anachoma insulini. Daktari kamkataza kufunga. Yeye anasema kafunga tangu ana miaka kumi, leo amwambie nini Mola wake. Na ukweli ni kwamba nyumba nzima ilikuwa upande wake, kwa sababu bibi asiyefunga ni fedheha, majirani watasema. Mama yangu alikuwa anampikia daku kimyakimya.

Hatukumshinda kwa daktari. Tulimleta imamu wa msikiti wa karibu, mtu anayemheshimu, akakaa naye barazani akamsomea aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa, na akamweleza fidia ya kulisha maskini kwa mwenye maradhi yasiyotarajiwa kuondoka. Bibi akauliza, "Kwa hiyo thawabu ninapata?" Akaambiwa unapata inshallah. Yakaisha. Sasa anapika futari ya kuwapelekea watu, na mwezi mzima ana shughuli kuliko sisi tunaofunga. Kwa wale ambao daktari kawaruhusu kufunga: kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, msiogope kupima mchana. Na dalili za kushuka zikija, mtu afungue palepale, hata kama yamebaki dakika kumi kuadhini.

Jengine. Bibi ana zaidi ya miaka 70, anapokea pensheni jamii. Ilianza 2016 kwa 20,000, sasa ni 50,000 kwa mwezi. Nyie mtaona ndogo. Lakini tangu awe na fedha yake mwenyewe, samaki wake anamtuma mtoto sokoni bila kumwomba mtu, na dala la kwenda spitali haombi. Zamani akisema kichwa kinamuuma tunamwambia subiri baba arudi. Sasa tunasikia tu keshaenda.

---

Mtu wa Kilifi

Wabongo hamjambo. Huku Kenya tuna CHP, yaani wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mikoba mwaka 2023, ndani kuna mashine ya presha na ya sukari. Anakuja mpaka mlangoni, anakupima, anakuandika kwenye simu. Kizuri sana.

Shida yetu ni nyingine. CHP wa kwetu ni jirani, tena ni mke wa mtu ambaye babangu walikosana naye mambo ya shamba. Babangu hataki huyo mama ajue sukari yake. Akimwona anaingia, mzee anapitia nyuma. Serikali imeleta huduma nyumbani, na nyumbani ndiko kwenye siasa zote. Suluhu tuliyopata ni yeye kupimwa kwa dadangu, kijiji cha pili, na CHP wa huko. Anatembea, na hata hayo matembezi yanamsaidia.

---

Sista wa Zamu

Mtu wa Kilifi, hilo tutakutana nalo na sisi. Mpango wa wahudumu ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, na wanachaguliwa na wananchi wenyewe wa hapohapo. Uzuri wake ni kwamba wanajua kila nyumba. Ubaya wake ni huohuo.

---

Bahari ya Muscat

Mimi niko Oman, natuma pesa Tabora kila mwezi. Nasoma hapa najisikia nasemwa. Kwenye grupu la familia mimi ndiye "bosi": nikisema apelekwe hospitali fulani anapelekwa, nikiwa kazini simu imezimwa kila kitu kinasimama. Nilikuwa natuma habasoda na asali kwa kila anayesafiri, na nilikuwa naona nimetibu.

Sasa nimeacha kuendesha kwa simu. Pesa ya dawa naituma kwa mdogo wangu anayeishi na mzee, na ameruhusiwa kuamua bila kuniuliza. Yeye anatuma picha ya kadi ya kliniki baada ya kila hudhurio, basi. Watu waliuliza maswali ("umempa mdogo ukubwa?"), nikawaambia mkubwa ni yule aliye karibu na choo cha mzee usiku. Samahani kwa lugha.

---

Mzee Kijana 58

Nawasoma tangu mwanzo. Mimi ndiye mgonjwa, si mtoto wa mgonjwa. Kisukari, presha, na macho yameanza.

Mnazungumza vizuri wote, lakini tazameni: mama, bibi, mzee, wanajadiliwa. Kwangu ni vilevile. Wanangu wanakaa sebuleni wanaongea habari zangu nami nimekaa palepale. "Baba asile hivi, baba alale saa fulani." Mke wangu anahesabu vijiko vyangu. Nikitoka, mtoto anaulizwa nimekwenda wapi. Basi najifanya naenda kwa fundi viatu, nakula chipsi yai kijiweni, kwa hasira tu, hata utamu siusikii.

Kilichonibadilisha si kliniki wala familia. Ni kundi letu la wagonjwa wenyewe, tunakutana mara moja kwa mwezi chini ya mwembe wa zahanati. Tunapimana, tunataniana namba. Ukija na 17 unachekwa, lakini anayekucheka naye mwezi uliopita alikuwa na 19. Pale hakuna mtoto wa mtu. Mmoja alitufundisha kukagua nyayo kwa kioo kila jioni, maana ganzi inakuficha mwiba. Nilikuwa nao mwiba, sikujua. Nyumbani nimewaambia jambo moja: pikeni mnachopika kwa wote kama huyu jamaa wa Muheza, ila kuhesabu nitahesabu mwenyewe. Mwanamuheza, nikuulize: mama yako aliulizwa anataka nini?

---

Mwanamuheza

Mzee wangu, shikamoo. Nimepiga simu Muheza baada ya kukusoma, nikamuuliza hivyohivyo ulivyoandika. Kanijibu anataka vitu viwili. Kwanza kwenda kliniki na shoga yake mama Rehema, si na kaka, kwa sababu kaka anajibu maswali ya daktari kabla yake. Pili anataka lile andazi moja la Jumapili lirudi, na liwe la wazi, mezani. Nimemwambia wifi, kacheka, kasema atalikaanga mwenyewe.

Mjomba amesikia mama atakwenda na mama Rehema, amesema hilo lazima lizungumzwe kikaoni. Sijui kikao cha nini.

---

Mwl wa Kata

Kikao cha andazi. 😂

---

Mpogoro Asili

Wakuu samahani natoka nje kidogo ya mada. Sisi tuko Mahenge kijijini, umeme hatuna. Kaka ameanzishiwa insulini, jirani mwenye sola anatutunzia kwenye friji lake la kuuzia soda. Kila tukienda kuchukua anatuangalia vibaya. Kuna njia nyingine?

---

Sista wa Zamu

Ipo. Chupa ambayo imeshafunguliwa haihitaji friji, aina nyingi zinakaa nje kama wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 25 mpaka 30, soma karatasi ya ndani kwa aina yenu. Kwa joto chukueni vyungu viwili vya udongo, kidogo kikae ndani ya kikubwa, katikati jazeni mchanga, mloweshe maji asubuhi na jioni. Insulini iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, funikeni kwa kitambaa kibichi, vikae kivulini penye upepo.

Za akiba zibaki kwa jirani, ila mwambieni asiziweke karibu na sehemu inayogandisha. Friji za soda zina tabia hiyo. Insulini ikishaganda hata mara moja imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima msiichome.

---

Mpogoro Asili

Hapo kwenye kuganda dada umeniogopesha, maana wiki jana tuliikuta ina barafu tukaisubiri iyeyuke. Naenda kuichukua sasa hivi.